Usiitupe skrini yenye viboksi vyeusi

Malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kuhusu skrini ndogo za herufi ni haya: "Nimefunga skrini, taa inawaka, lakini haiandiki." Tukiiwasha, mstari wa juu umejaa viboksi vyeusi 16 na wa chini ni mtupu. Mteja keshakata tamaa, ilhali skrini yake ni nzima. Viboksi vile maana yake ni kwamba umeme umefika, ila hakuna amri iliyofika ikaeleweka.

Skrini nyingi za herufi, za 16 kwa 2 (herufi 16, mistari 2) na za 20 kwa 4, huendeshwa na chipu ya HD44780 ya Hitachi au nyingine inayofuata amri zile zile. Chipu hii ina utaratibu wake wa kuamshwa. Ukitumia volti 5, programu isubiri zaidi ya milisekunde 15 baada ya umeme kuingia. Sisi huweka 50 ili tuwe na uhakika. Kisha itume amri ya kuiandaa mara tatu, na baada ya ile ya kwanza ipumzike zaidi ya milisekunde 4.1. Programu ikikurupuka kuandika mapema, maneno yanapotea.

Kama skrini yako ina kibao kidogo cha I2C mgongoni (njia ya kuwasiliana kwa nyaya chache), anza na anwani, yaani namba ambayo programu huitumia kuiita skrini; 0x mbele huonyesha namba ya msingi wa 16. Chipu ya PCF8574 kwa kawaida huja na 0x27, na PCF8574A huja na 0x3F. Zinafanana mno kwa macho, na tofauti ya herufi moja tu inatosha kukufanya ukeshe. Usipoona chochote, hata viboksi, zungusha taratibu skrubu ndogo iliyo nyuma. Huenda mwonekano umefifizwa mno.

Waliounga nyaya moja kwa moja waangalie pini ya RS. Hiyo ndiyo inayotenganisha amri na maandishi. Tuma 0x41 RS ikiwa juu (ina umeme), utapata herufi A. Tuma 0x41 hiyo hiyo RS ikiwa chini (haina umeme), chipu itahamia kwenye kumbukumbu ya alama za kujichorea, na utashangaa maandishi yako yameenda wapi.

Tatizo jingine linatuuma zaidi, kwa kuwa skrini inaandika lakini inadanganya. Mteja mmoja alifungua kipimajoto chake chote akitafuta ubovu: joto lilishuka kutoka 100 hadi 99, skrini ikaandika 990. Kipimo kilikuwa sahihi. Chipu haifuti kitu mpaka uiambie, kwa hiyo sifuri ya zamani ilibaki pale pale.

Wengi huliponya hili kwa kutuma amri ya kufuta, 0x01, kila mzunguko. Hatushauri hivyo. Amri hiyo huchukua kama milisekunde 1.5, wakati nyingi za wenzake humaliza kwa mikrosekunde 37, na skrini inayofutwa kila mara humetameta hadi macho yachoke. Rudisha kishale mahali pake, 0x80 kwa mwanzo wa mstari wa kwanza au 0xC0 kwa wa pili, kisha andika namba kwa upana ule ule: nafasi tupu moja, halafu 99.

Kwenye 20 kwa 4, neno likizidi mstari wa kwanza huibukia wa tatu. Ndivyo kumbukumbu ya chipu ilivyopangwa.

Ukituletea skrini, njoo na programu yako pamoja na picha ya nyaya zilivyofungwa. Tunaijaribu kwanza kwa programu yetu fupi mbele yako. Ikiandika, hatukuuzii nyingine, tunakaa nawe kusoma msimbo.