Ni ngozi tu, eti

Tanga

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu sana. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotukomesha. Barua yako nimeipata. Umenieleza soriasisi yako, huo ugonjwa wa ngozi wa madoa na magamba tulio nao sote wawili: viwiko, magoti, magamba ya kichwani, hadi mto unavyochafuka usiku. Lakini wewe mwenyewe hujajitaja. Nilipofika kwenye "lakini niko sawa, ni ngozi tu" nikacheka peke yangu. Ndivyo ninavyojibu nami kliniki: daktari akiuliza najisikiaje, namwambia inawasha.

Haya niambie, hina ya arusi ya Zuhura uliikataa kwa nini? Ulisema una kazi. Kazi gani Ijumaa usiku, shoga? Aibu ukiipa jina la uchovu, na hasira ukaiita muwasho, utaishia kujikuna, na soriasisi huota palepale ulipojichubua.

Kuna karatasi ya maswali 10 waliyoitunga watafiti Finlay na Khan kule Cardiff, Wales, ikatoka mwaka 1994. Inauliza habari za wiki iliyopita tu: imewasha kiasi gani, umeona aibu, umechagua nguo kwa ajili yake, imekuingilia kazini, imekuingilia chumbani. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Ukifika 11, ugonjwa umeyabana maisha yako sana, hata madoa yakiwa machache. Muulize daktari kama anayo.

Tena, roho ikiwa imejaa, maelekezo hayaingii. Mtu anaitikia "ndiyo daktari", akifika getini hajui apake wapi. Mwambie akuandikie: wapi, mara ngapi, mpaka lini, na ukiacha unaachaje. Dawa ya steroidi, ile ya kupaka ya kutuliza ngozi iliyovimba, kamua mstari mmoja toka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza. Huo unatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili pamoja na vidole vyake. Usoni usipake bila kuambiwa. Na kile kikopo cha kung'arisha alichokuletea jirani, tupa. Mikorogo ya namna hiyo mara nyingi ina steroidi kali. Ikitumiwa ovyo ngozi inakuwa nyembamba, na ukiiacha ghafla soriasisi inaweza kurudi kwa kishindo.

Mama mkwe aliyekutengea taulo na kikombe, mwambie haiambukizi. Kinga ya mwili ndiyo inayoiharakisha ngozi kujitengeneza upya: kazi ya takriban mwezi mzima inafanyika kwa siku chache, ndiyo magamba hayo. Ukishindwa kumwambia, nenda naye kliniki. Wakwe humsikia mwenye koti jeupe kuliko sisi.

Jaza hayo maswali, uniandikie jumla, usinipunguzie. Mdogo wake Zuhura anaolewa Mfungo Mosi, na safari hii hina nitakupaka mimi, viganjani, ya majani. Piko sitaki kuiona: mna dawa ya nywele mle, inaweza kuunguza hata ngozi isiyo na kasoro.

Shoga yako,
Mwanaidi