Barua ya malalamiko: beringi za kurekebisha zisizorekebishika

Kwa Meneja wa Ubora na Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BERINGI ZA BRONZI ZA KUREKEBISHA, SHAFTI YA MM 80

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunalalamikia seti ya beringi mbili, ya mbele na ya nyuma, mlizotuuzia pamoja na nyumba zake, yaani vishikio vya chuma vinavyozibeba, kwa ajili ya shafti kuu ya mashine ya kukerezea. Kila beringi ni bushi, yaani bomba fupi, ya bronzi yenye tundu la mm 80 na urefu wa mm 100. Nje imechongoka kwa 1 kwa 20 (kipenyo kinapungua mm 1 kila mm 20 za urefu), ina mpasuo mmoja wa mm 4 na nati kila ncha. Kazi yake ni moja tu. Bronzi ikilika, fundi anaivuta bushi ndani ya nyumba yake, mpasuo unabana, tundu linapungua, na nafasi ya oili kati yake na shafti inarudi ilivyokuwa. Kwamba zenu zinabana, hatukatai. Tatizo ni kwamba hazibani kwa mviringo, na wala hazibani sawasawa kutoka mdomo mpana hadi ncha nyembamba. Kila marekebisho yanauhamisha ulikaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mashine inabaki pale pale.

Idara yenu ya ufundi imeshatujibu kwa sentensi mbili: oili ilikuwa chafu, na shafti imelika. Oili chafu huacha saini yake. Ingekuwa ni uchafu, bronzi ingekuwa na mikwaruzo inayouzunguka mduara mzima, na punje ngumu zingeonekana zimezama ndani yake. Hapa hakuna hata kimoja. Kilichopo ni mistari miwili mipana inayong'aa, inayotazamana, kila mmoja ukiwa nyuzi 90 kutoka kwenye mpasuo, na mdomo mpana umesuguliwa kuliko sehemu nyingine. Shingo ya shafti, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi, tumeipima kwa maikromita katika sehemu sita, na tofauti kubwa kabisa ni mm 0.005. Shafti iliyolika haina vipimo hivyo. Kilichokutwa juu yake ni utando mwembamba wa bronzi uliohamia kwenye chuma, pale tu mistari ile miwili inapogusa.

Kasoro ya kwanza na kubwa kuliko zote ni umbo la tundu baada ya kubana. Bushi yenu ina ukuta wa mm 12 na mpasuo mmoja tu, basi. Ukuta mnene namna hiyo haujikunji kote kwa usawa. Hujikunja kama bawaba mahali pamoja, upande unaoukabili mpasuo, na nusu mbili zinakaribiana kutoka ubavuni. Tulipoibana bushi ya mbele ndani ya nyumba yake, na kipande cha kujazia mpasuo kikiwa kimepunguzwa ipasavyo, tundu lilisoma mm 80.01 ubavuni na mm 80.07 kwenye mstari unaopita katikati ya mpasuo. Shafti ni mm 80.00. Maana yake, ubavuni kuna mm 0.01, karibu sawa na kukauka, na juu na chini kuna mm 0.07. Fundi akipapasa kwa mkono atasema imekaza. Akiweka kisu kwenye kazi, shafti inaruka kwenda juu, kazi inatoka na mawimbi, na ubavu unachemka.

Cheti chenu cha ukaguzi kinaonyesha kipenyo kimoja tu, mm 80.04, na kinataja geji ya ndani ya miguu mitatu. Hapo ndipo kosa lilipojificha. Geji ya miguu mitatu iliyopangwa kwa nyuzi 120 haioni umbo la yai. Inatoa wastani, na wastani wa 80.01 na 80.07 ni huo huo mm 80.04 mlioandika. Tundu la bushi iliyopasuliwa hupimwa kwa geji ya miguu miwili, katika pande mbili zinazokingamana, mdomoni, katikati na nchani, bushi ikiwa imebanwa ndani ya nyumba yake na si juu ya meza. Tunasisitiza hili kwa sababu mnaweza kutuma seti nyingine yenye cheti safi kabisa na kasoro ile ile.

Dawa yake inajulikana. Bushi ya aina hii huchimbwa mifereji ya nje ya kuilegeza, kwa kawaida mitatu, nyuzi 90 kutoka mmoja hadi mwingine, isiyotoboa hadi ndani, ili ukuta ukunjike mahali pengi kidogo kidogo. Halafu tundu humaliziwa kukerezwa au kukwaruzwa bushi ikiwa tayari imevutwa nyumbani mwake, katikati ya safari yake ya marekebisho. Kwenye zenu, ndani kulimalizwa bushi ikiwa huru. Alama za kisu zinaonyesha hivyo: ni mduara kamili pale tu mpasuo unapokuwa wazi kabisa, na huo ndio mkao ambao beringi haitafanya kazi hata siku moja.

Kasoro ya pili ni mchongoko. Tulipaka bushi rangi ya buluu ya kupimia, inayoonyesha nyuso mbili zinagusana wapi, tukaiingiza kwenye nyumba, tukaizungusha robo mzunguko. Rangi iliguswa upande wa mdomo mpana tu, karibu theluthi moja ya urefu. Sehemu iliyobaki inaelea. Kwa kuwa nyumba na bushi vilitoka kwenu katika sanduku moja, hakuna wa tatu wa kulaumiwa. Nati ikivuta, mdomo unabana na ncha nyembamba inabaki ilivyo, na tofauti ya tundu kati ya ncha mbili ni mm 0.04. Mzigo wote wa kisu unaangukia milimita thelathini za kwanza, na utando wa oili unakatika hapo kabla ya pengine popote. Mguso wa angalau robo tatu ya eneo, uliosambaa toka mwanzo hadi mwisho, ndio tunaouona kuwa wa chini kabisa kukubalika.

Tuje kwenye nati. Hesi yake (mizunguko ya skrubu) ina hatua ya mm 3, yaani mzunguko mmoja wa nati ni mm 3 za safari, nati ina mifereji minne, na washa ya kufungia ina ulimi mmoja. Kwa hiyo nati inaweza kufungwa katika mikao minne tu kwa kila mzunguko. Kutoka mkao mmoja hadi unaofuata ni robo mzunguko, yaani mm 0.75 za safari, na kwa mchongoko wa 1 kwa 20 hiyo ni mm 0.0375 kwenye kipenyo. Beringi inayotakiwa kurekebishwa kwa hatua za mia moja ya milimita haiwezi kusimama popote kati ya hapo. Fundi anaachiwa achague kati ya kulegea na kukwama. Na hili ndilo linalotushangaza zaidi, kwa kuwa kulirekebisha ni jambo la washa tu. Wekeni washa yenye meno mengi ambayo idadi yake haigawanyiki kwa 2, kwa mfano 17. Kwa nati ya mifereji minne, jino moja litakutana na mfereji mara 68 katika mzunguko mmoja, na hatua itashuka hadi mm 0.002 hivi kwenye kipenyo. Hesi ibaki ile ile, nati ibaki ile ile.

Mwongozo wenu nao unapotosha, na kwa kuwa utakuwa mikononi mwa wateja wengine, tunaomba mlichukulie hili kwa uzito. Ukurasa wa marekebisho unasema ili kupunguza nafasi ya oili, nati ya ncha nyembamba ilegezwe na ya mdomo mpana ikazwe. Ni kinyume. Nati ya mdomo mpana ikikazwa inaisukuma bushi kutoka kwenye nyumba, na tundu linapanuka. Utaratibu sahihi ni kulegeza kwanza nati ya mdomo mpana, kisha kukaza ya ncha nyembamba ili ivute bushi ndani, kupima, na mwisho kuirudisha ile ya mdomo mpana ili ifunge. Baada ya kufunga hupimwa tena, maana kufunga kwenyewe huisogeza bushi kidogo.

Aidha mwongozo haukitaji kabisa kipande cha shaba kinachojaza mpasuo. Kipande hicho kina kazi mbili: kuzuia oili isikimbie kupitia mpasuo, na kuipa bushi kitu kigumu cha kukazia ili isipumue mzigo unapokuja na kuondoka. Lakini kikiachwa kwenye unene wake wa mm 4, bushi haibani hata nati ikazwe namna gani. Kinachoumia ni hesi. Kila tundu likitakiwa kupungua, kipande hupunguzwa mara 3.14 ya kiasi hicho. Kupunguza tundu kwa mm 0.03 kunadai kipande kipigwe msasa bapa hadi kipungue mm 0.09. Mstari mmoja tu kwenye mwongozo ungetosha.

Nafasi ya oili mnayoelekeza, mm 0.01 kwa mwendo wowote, haifai. Kwa mizunguko 1200 kwa dakika, uso wa shingo ya mm 80 unakwenda mita 5 kwa sekunde. Shafti inapata joto kuliko nyumba ya chuma cha kusubu, kwa kuwa nyumba ni kubwa na inapoa kwa hewa. Shafti ikiizidi nyumba kwa nyuzi joto 20 tu, kipenyo chake kinaongezeka kwa karibu mm 0.018. Bronzi nayo inavimba, na kwa kuwa imeshikwa na nyumba upande wa nje, inavimba kuelekea ndani. Ile mm 0.01 imeshaliwa kabla mashine haijafikia joto lake la kazi. Kwa shafti hii sisi tungeanzia mm 0.04 hadi 0.05 ikiwa baridi, kwa oili nyepesi ya shafti, kisha tuache izunguke bila mzigo hadi joto litulie ndipo tuamue kama inafaa kupunguzwa.

Katalogi inadai beringi inafidia ulikaji wa hadi mm 1. Tumeshindwa kuelewa nani alifanya hesabu hii. Kupunguza tundu kwa mm 1 kunahitaji bushi isafiri mm 20. Hesi iliyobaki kwenye ncha nyembamba ni mm 8, sawa na mm 0.4 kwenye kipenyo, na hata hizo hazifikiki: tundu la oili kwenye bushi lina kipenyo cha mm 6 na halina mfereji wa urefu mgongoni, hivyo bushi ikishasogea mm 6 tundu hilo limezibwa na ukuta wa nyumba. Beringi iliyorekebishwa kwa kufuata katalogi ingezunguka kavu. Kwa maoni yetu, zaidi ya mm 0.15 tundu linatakiwa kukwaruzwa upya hata bushi ikiwa nzuri, kwa sababu bronzi hulika upande mmoja, na kubana pande zote hakuirudishi shafti kwenye kitovu chake.

Jambo la mwisho ni pini inayozuia bushi isizunguke. Imewekwa mahali panapoulazimisha mpasuo kukaa juu kabisa, bila shaka ili oili idondoke moja kwa moja. Wakati wa kukereza, kisu huisukuma kazi juu na nyuma, na mzigo huo unaikandamiza shafti pale pale mpasuo ulipo. Utando wa oili hauwezi kujengeka juu ya ufa. Pini ihamishwe ili mpasuo uelekee upande anaosimama fundi.

Tunachodai ni bushi mbili mpya zenye mifereji ya kulegeza, mfereji wa oili mgongoni na pini iliyohamishwa, zilizolinganishwa na nyumba zetu kwa rangi ya buluu na kumaliziwa ndani zikiwa zimebanwa. Zije na cheti cha vipimo vya miguu miwili, pande mbili, sehemu tatu, pamoja na washa mpya nne. Gharama ya kung'arisha shingo za shafti na ya kufungua na kufunga upya iwe juu yenu. Wateja wote waliopewa mwongozo huo watumiwe masahihisho ya ukurasa wa marekebisho, na dai la mm 1 liondolewe kwenye katalogi. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Kama mtaona heri kurudisha fedha, hatutapinga, ila masahihisho ya mwongozo tutaendelea kuyadai.

Bushi tumezihifadhi na alama zake zote, hazijapigwa msasa. Mhandisi wenu anakaribishwa kuzipima mwenyewe, alimradi aje na geji ya miguu miwili.

Wenu,

Idara ya Matengenezo ya Mashine

Viambatisho: jedwali la vipimo vya tundu na shafti, picha za mguso wa rangi ya buluu, nakala ya cheti chenu cha ukaguzi.