Vita si mchezo wa bao

Mhariri,

Nasoma kurasa zenu za kimataifa kila siku, na kuna jambo linaniuma. Kila vita vinapozuka, wachambuzi huandika kana kwamba rais aliyevianzisha amekaa mbele ya bao, kete zote amezihesabu, na kazi yetu ni kukisia atakula shimo gani. Mara nyingi hesabu hiyo haipo. Kuna kiburi, kuna hofu ya kuaibika, na kuna wasaidizi wanaoitikia "ndiyo mzee" hata kabla hajamaliza kusema.

Mimi ni fundi wa viatu vya ngozi hapa Kariokor. Jina hili ni Carrier Corps kwa matamshi ya wazee wetu: wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914, ambao kambi yao ilikuwa hapa hapa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Nilipokuwa mdogo alinishika mkono akaupitisha utosini mwake, pale sanduku la risasi lilipokaa hadi nywele zikakataa kuota.

Sasa tazama alivyofika huko. Tarehe 5 Julai 1914, Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani aliwaahidi Austria kwamba atawaunga mkono kwa lolote watakaloifanyia Serbia. Kesho yake akapanda meli yake ya starehe kwenda Norwei, kama alivyozoea kila mwaka. Aliporudi, tarehe 28 asubuhi, akasoma majibu ya Serbia kwa masharti ya Austria na kuandika kwamba hakuna tena sababu ya vita. Siku hiyo hiyo Austria ikatangaza vita. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanichoma: mwenye ahadi mwenyewe haoni sababu, na wapagazi makumi ya maelfu wanakufa kwa kuhara damu na njaa katika pori la Tanganyika.

Wala si Wazungu peke yao. Idi Amin aliivamia Kagera Oktoba 1978 huku jeshi lake likimuasi. Aprili iliyofuata Kampala haikuwa yake tena. Ethiopia na Eritrea zilipigania Badme, mji mdogo mkavu, kuanzia 1998 hadi 2000. Kila maiti ilizidi kuwa sababu ya kutoacha.

Dawa ipo, na iliwahi kutumika. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alikubali mpango wa kuivamia Kuba kupitia Ghuba ya Nguruwe, na wenye mashaka ndani ya kikao wengi wao walinyamaza. Mpango ukaanguka vibaya. Mwaka uliofuata, makombora ya Kisovieti yalipoonekana Kuba, alikuwa akitoka makusudi katika baadhi ya vikao ili washauri wabishane bila kumtazama usoni. Majenerali walitaka mabomu. Yeye akachagua kuzuia meli na kuzungumza na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, na sote tukaendelea kuishi.

Kwa hiyo naomba, mhariri, mkiandika juu ya vita vya leo, vya Sudan au vya Ukraine, msituchoree ramani na mishale tu. Tuambieni nani alikuwa ndani ya chumba uamuzi ulipofanywa. Na kama yupo aliyesema hapana, tuambieni yuko wapi sasa.

Fundi wa viatu,
Kariokor, Nairobi