Sekela, picha za Kitulo na hotpoti langu

Sekela wangu,

Ugonile? Najua umenuna na una haki, umeniuliza picha ziko wapi mara nne, ya mwisho ukaniwekea na kile kikatuni cha kukunja midomo, na mimi nasoma nazima data. Sio bando. Wala sio kazi, ingawa kazi ipo. Picha ninazo, mia sita na ushee, ila kila nikikaa kukuchagulia za saluni nafika kwenye moja nakwama, naweka simu chini naenda kuosha vyombo. Sasa juzi mama mkubwa kapiga mwenyewe, eti dereva wa Baba Kulwa anashuka Dar Ijumaa, atampa hotpoti langu aniletee, "na halitakuja tupu mwanangu, usiwe na wasiwasi". Hapo ndo nikaona kimya hakinisaidii tena. Leo mvua imetufungia ndani huku Mbagala, umeme umekatika, nakuandikia na asilimia thelathini za chaji, ukiona nimeishia njiani ujue ni hivyo.

Nianze mwanzo kabisa, maana ukisoma la mwisho kwanza utanielewa vibaya.

Tulitoka Mbeya alfajiri, mimi, Baba Kulwa na yule dada yake asiyefunga mdomo. Watu walitushauri tupitie Isyonje, Baba Kulwa kang'ang'ania Chimala kwa sababu anataka zile kona hamsini na saba. Nilihesabu mpaka ishirini na kitu nikaacha, dada mtu alikuwa kanishika paja anasali kwa sauti, usiku wake kulinyesha kwa hiyo udongo unateleza, ukichungulia dirishani unaiona Usangu yote imelala kule chini kama mkeka, na lori la viazi likija kwa mbele mmoja wenu lazima arudi rivasi. Angalau kuna kipande kimoja dada alinyamaza. Matamba tukanywa chai na viazi vya kuchemsha, tukalipia kiingilio, tukapewa mwongozaji, kijana mpole wa hukohuko, tukaishia kumwita Mwalimu kwa jinsi anavyoeleza taratibu.

Baridi shoga! Uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 juu huko na mimi nimevaa kile kisweta changu cha Kariakoo.

Sasa mi kichwani nilikuwa nimejiandalia bustani. Si wanaiita Bustani ya Mungu? Nikawaza matuta, waridi kwenye mistari, vinjia vya kokoto, benchi la kupigia picha, na gauni la njano nimebeba kabisa. Tumeshuka kwenye gari naona majani. Majani na ukungu, basi. Nikamwambia Baba Kulwa hivi ndo tumepandia kona zote zile kuja kuona malisho ya ng'ombe? Mwalimu akacheka, akasema dada, hebu angalia ulipokanyaga. Naangalia chini, nimesimama juu ya vimaua vya zambarau vidogo kama kucha ya mtoto. Nikaruka, nikakanyaga vingine.

Macho yalichukua kama nusu saa kuzoea. Kwanza unayaona yale marefu, mekundu yanayokwenda kwenye rangi ya chungwa, yamesimama bondeni kwenye majimaji kama mienge, halafu ya njano yanatanda mpaka ukungu unapoyameza, halafu ndo unaanza kuona ya chinichini, nyeupe, pinki, buluu iliyochuja, na mengine ya kijani ambayo huwezi kujua kama ni ua mpaka uoneshwe. Mwalimu anasema zimehesabiwa aina 350 za mimea hapo, okidi peke yake 45, zile okidi ambazo hotelini wanaweka moja kwenye glasi na kila mtu anaiogopa, huku zimejiotea tu kwenye majani na mvua. Na ndo maana ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Simba hakuna, tembo hakuna, unatembea kwa miguu yako siku nzima. Na sisi tumesoma Mbeya miaka mitatu, Sekela, miaka mitatu! Jumamosi tunashinda kituo cha mabasi kula chipsi.

Picha mia mbili za kwanza ni takataka, nakwambia ukweli. Nilipiga kwa kusimama, kama unavyopiga watu harusini, zikatoka mbingu nusu na majani nusu, na vidoti. Nikaishia kulala kifudifudi kwenye unyevu, kidevu kinagusa udongo, simu nimeigeuza lenzi iwe chini, ndo ua likawa kubwa na ukungu ukakaa nyuma yake kama pazia. Shida ikawa upepo. Unalenga, ua linayumba, unasubiri, likitulia tu upepo unarudi. Dada yake Baba Kulwa, huyuhuyu ninayemsema, akavua kanga akaitandaza kama ukuta akasimama nayo mpaka mikono ikamtetemeka, na picha zote nzuri utakazoziona zimepigwa nyuma ya kanga yake, kwa hiyo nafuta niliyoandika juu, au nusu yake. Saa sita jua likatoka tukashangilia, kumbe ndo limeharibu, zile nyekundu zote zikawa kama zimemwagiwa rangi ya ukuta, huoni hata petali. Ukungu uliporudi ndo rangi zikarudi. Baridi nayo ikala betri, simu kutoka arobaini ikazima palepale, ikabidi niiweke kifuani kama hela ya kikoba ipate joto, ikawaka tena. Mwalimu alijifanya anaangalia ndege.

Sasa ndo nafika.

Kuna okidi moja ya pinki, maua yamebanana kwenye bua kama punje za hindi changa, matone ya mvua bado yamening'inia. Nimelala, nimelenga, nasogea kidogo kwa kiwiko, kiwiko kikatumbukia. Shimo. Dogo tu, kikombe cha chai kingeingia, udongo wake bado mbichi. Pembeni limelazwa ua kama lile langu, majani yamenyong'onyea, na chini limebaki na kimzizi kimoja cheusi, kimesinyaa kama zabibu kavu. Nikamuuliza Mwalimu panya hawa? Akachuchumaa, akalichukua, akasema sio panya dada, ni watu. Akanionesha. Okidi hizi zinabeba viazi viwili chini, kile kilichosinyaa ndo kinalisha ua la mwaka huu, na kingine kigumu, cheupe, kama kidole gumba, ndo akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Hicho cheusi hakina kazi kwake, anakiacha na ua lake. Na mbegu zake ni kama vumbi, hazioti bila kuvu fulani wa kwenye udongo, mpaka mmea ufike kutoa ua ni miaka. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anataja bei ya viazi: wanapeleka Tunduma, chikanda.

Sekela, nilinyamaza. Dada yake Baba Kulwa akauliza chikanda ndo nini, Mwalimu akamweleza inatwangwa, inapikwa na karanga na pilipili mpaka inashikana, inakatwa kama mkate, Wazambia wanaipenda sana, kwao mizizi imepungua ndo wanunuzi wakavuka huku, Sumbawanga, Makete, kote huko, na kuna watafiti miaka ya mwanzo ya 2000 walikadiria mizizi inayotoka upande wetu inafika mpaka milioni 4 kwa mwaka. Dada akasema "jamani watu!" Na mimi natikisa kichwa kama sijawahi hata kulisikia hilo neno.

Unakumbuka? Ile kitchen pati ya mdogo wako. Mama mkubwa anakata na kile kisu chake chenye mpini wa waya, ndani nyekundu ya kahawia, karanga zinaonekana, inanukia, nikauliza hii nyama gani, mkacheka mpaka Mama Gwakisa akamwaga togwa. Nilikula vipande vitatu. Nikaomba cha nne. Nikamwambia mama mkubwa nchi nzima haina chakula kitamu kama hiki, nikabeba na nyingine mpaka Dar, na nilipokuja tena Desemba nikamletea hotpoti langu jipya nikamwachia kwa makusudi, ili siku likirudi lirudi limejaa! Mimi mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Na sasa hivi nikiandika hapa mate yananijaa, ndo uone.

Picha ninayokwama ni hiyo ya shimo. Niliipiga. Ua la pinki limesimama, na pembeni yake mwenzake kalala. Ni nzuri kuliko zote, mwanga umekaa sawasawa, na siwezi kukutumia uitundike saluni mama mkubwa akija kusukwa aione.

Tafadhali usinielewe kwamba namhukumu. Kile chungu ndo kilikusomesha, najua, na mimi nilikuwa nakula kwenye hela yake hosteli kila ulipotumiwa. Na wanaochimba nao sio matajiri, mtu kapanda kilima na jembe kwenye mvua kwa hela ya sabuni. Ndani ya hifadhi ni marufuku lakini nje ya mpaka vilima vipo vingi, na labda vya mama mkubwa vinatoka Zambia hukohuko, au Kongo, maana na huko wanachimba. Labda. Mi nashindwa tu kulipokea hotpoti halafu nile nikae kimya, na nashindwa kumpigia mama mkubwa wa watu nimwambie usiniwekee kitu. Chombo cha mtu kirudi kitupu? Kwa mama mkubwa? Atajua kuna jambo, ataanza kuuliza kama ni ndoa.

Nimefikiria nimwambie nina vidonda vya tumbo, pilipili nimekatazwa. Halafu nikakumbuka Pasaka nakuja huko na nitakula mbele yake pilipili za kila aina. Nimefikiria nipokee nimpe dereva. Dereva atamwambia.

Basi turudi kwenye za saluni kabla chaji haijaisha, niko kumi na nne. Nimekuchagulia tatu: ile mienge mekundu kwenye ukungu, inafaa ukuta mrefu karibu na dryer, halafu ya buluu iliyochuja ina nzi amelala ndani yake (nilimwona baadaye, mi naona amependeza), na moja nyeupe iliyojikunja kama mtu anayeona haya. Sijaweka filta. Nimezitoa na lokesheni, najua wachimbaji wanaijua ile milima kuliko mimi, ila roho yangu tu. Ukizipeleka kwa mchapishaji mwambie asiongeze rangi, wale wana tabia ya kuzidisha kijani mpaka majani yanakuwa kama plastiki. Nitazituma usiku umeme ukirudi, kama faili, sio kama picha, wasap inaminya.

Sasa nijibu leo, usinilipizie zile wiki tatu. Ukuta wako ni wa kulala au wa kusimama, yaani picha iwe ndefu kwenda juu au pembeni? Fremu ile ya elfu kumi na tano bado ipo pale ulipochukua ya kwako? Baba Kulwa amekulipa ile hela au bado anasema kesho? Na mama mkubwa, unaweza kumuuliza, sio kama mimi nimeuliza, kama wewe tu mnapiga stori mnamenya karanga, mizizi yake huwa analetewa na nani na kutokea wapi? Au niulize mwenyewe Pasaka? Au ni utovu wa adabu kuuliza kabisa? Na Ijumaa kabla dereva hajapita, unaweza ukaliwahi hilo hotpoti ukalijaza maharage, parachichi, chochote, ukamwambia mama mkubwa umeshanifungia wewe? Atakubali kweli?

Asilimia tisa. Ndaga fijo, shoga. Mfunike mtoto, huko najua kumeanza baridi.

Wako,
wa Mbagala