Usinitumie tena ile dawa ya magoti

Tukuyu, Jumapili

Mwanangu,

Mzigo uliotuma kwa basi nimeupata. Kanga nimeshazivaa. Ile diklofenaki nimeifunga kwenye mfuko, utaikuta ukija.

Usichukie. Ile ya mwanzo nilimeza wiki mbili, magoti yakatulia kweli, ila miguu ikavimba hadi kandambili zikawa hazinitoshi. Nikibonyeza ugoko kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Na presha iliyokuwa imeshuka ikarudi 170 kwa 100. Daktari akaniuliza natumia dawa gani nyingine. Nikaficha kwanza, halafu nikasema. Akanieleza kwamba dawa yangu ya kukojoza inaifanya figo iachie chumvi, na maji yanaifuata huko huko nje. Diklofenaki inaifanya figo iishike chumvi ileile. Yaani mimi nateka, wewe unamwagia! Nyie watu wa Dar.

Lakini na mimi nina langu. Siku za kwenda Mbeya hiyo dawa ya kukojoza, Lasix, nilikuwa siimezi kabisa. Ukishaimeza, saa moja haiishi inakuita, na inakuita hivyo kwa muda wa kama saa sita. Nitamwambia konda asimamishe Kiwira nikachimbe dawa, kisha tena Uyole? Daktari kasema siku ya safari niimeze nikishafika, ila isiwe jioni. Hilo la jioni hakuwa na haja ya kuniambia, choo chetu kiko nje na baridi ya Juni unaijua.

Misuli ya miguu ilikuwa inanikaza usiku. Kumbe potasiamu, madini ambayo misuli inayahitaji, nayo inatoka na mkojo. Amenipima damu, akasema nile ndizi, parachichi na viazi. Huku Rungwe hiyo si kazi. Mama wa jirani yeye anameza spironolaktoni, nayo ni ya kukojoza, ila hiyo inaibakiza potasiamu mwilini, kwa hiyo amekatazwa kuzidisha vitu hivyohivyo. Na tulikuwa tunaazimana vidonge, mwanangu!

Kwa magoti natumia parasetamoli. Ukitaka kutuma kitu, tuma mizani. Natakiwa nijipime kila asubuhi nikishakojoa, kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu nirudi hospitali. Kwa sasa napanda mizani ya majani ya chai, na karani ananiuliza leo nimechumwa shamba gani.

Mama yako