Wapangaji wa Mambo Msiige wasiotajwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu Mambo Msiige, ile nyumba kubwa ya Shangani inayotazama bahari, ambayo siku hizi imo ndani ya hoteli. Makala yenu ya majumba ya Mji Mkongwe imeieleza vile vile wanavyoieleza watembeza wageni. Tajiri wa Kiarabu aliijenga, akatia mayai kwa maelfu katika chokaa, akazika watumwa wazima wazima ndani ya kuta, halafu wakaja Waingereza, halafu hoteli. Basi. Mgeni anashtuka, anapiga picha, anakwenda zake Forodhani.

Hadithi ya mayai ni yetu, wala sitaki mtu aiache kuisimulia. Ila chokaa ya Unguja haikuwa na haja ya yai. Matumbawe yalichomwa kwa kuni kwenye tanuu, yakamwagiwa maji, chokaa ikaachwa ikae muda mrefu kabla fundi hajaigusa, na ikishashika jiwe imeshika. Anayebisha aende akaangalie nyumba zilizopigwa plasta ya saruji juu ya kuta za zamani: unyevu unakosa pa kutokea, saruji inavimba na kubanduka vipande vipande, na jiwe lililo nyuma yake ukilikwaruza kwa ukucha linatoka unga. Na vyumba navyo vilitegemea boriti za mikoko. Tajiri awe tajiri vipi, chumba chake hakikuweza kupanuka kuliko urefu wa boriti, ndiyo maana ukiingia katika majumba haya unakuta vyumba virefu na vyembamba. Ama watumwa, hatuna haja ya kuwatafuta ndani ya kuta. Unguja ya wakati ule kazi ya kubeba mawe na kuchoma chokaa kwa sehemu kubwa ilikuwa juu ya migongo yao, na hilo peke yake linatosha kutisha bila ya kuongezwa chumvi.

Mwenye nyumba alikuwa Salim bin Bushir al-Harthi, na ujenzi ulikwisha karibu na mwaka 1850. Harthi ni ukoo uliokuwa na mali na nguvu kiasi cha kusimama na Barghash mwaka 1859 alipotaka kumpindua nduguye, Sultan Majid. Watembeza wageni hawafiki huko. Kwao mwenye nyumba ni "tajiri" tu, hana jina wala jamaa.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni wapangaji waliofuata. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dk. Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Unguja, na nyumba hii ikawa makao makuu yao kwa miaka kumi. Steere anatajwa kidogo, kwa kuwa alikuwa Mzungu na alichapisha sarufi ya Kiswahili. Wasiotajwa kabisa ni wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa, ambao Sultan Majid aliwakabidhi kwa misheni mwaka ule ule. Skuli ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Kiungani ilianzia kwa watoto hao. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1879. Sasa niambie, Mhariri, kwa nyumba inayosifiwa kwa watumwa waliozikwa ukutani, hawa waliotolewa utumwani wakajifunza kusoma chini ya dari lake hawakustahili hata sentensi moja?

Mwaka 1874 ikawa ubalozi mdogo wa Uingereza, wakati wa balozi John Kirk, mwaka mmoja baada ya Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultan, kulazimishwa kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Ikabaki hivyo mpaka 1913, Unguja ilipohamishiwa chini ya Wizara ya Makoloni na cheo cha balozi kikampisha Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza. Kutoka 1918 hadi 1924 ilikuwa hospitali ya Wazungu. Wagonjwa wasio Wazungu walikuwa na kwao.

Kisha zikaja ofisi za serikali, na hapo ndipo kila msimuliaji anaporuka. Piga hesabu. Misheni miaka 10, ubalozi 39, hospitali 6. Ofisi zilikuwemo tangu enzi za mkoloni, zikapita Mapinduzi ya 1964, zikaingia katika karne hii. Hakuna mpangaji aliyekaa muda mrefu kuliko karani. Na ni wakati huo ndipo mtu wa kawaida wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, au wa shamba alipopata kuipanda ngazi ile, tena akiwa na haki ya kuipanda, amefuata karatasi yake. Nakumbuka madirisha ya upande wa bahari yakiachwa wazi kwa joto, na mafaili yamekandamizwa mawe yasipeperuke. Foleni ilikuwa ndefu na karani hakuwa na haraka. Hata hivyo ilikuwa nyumba yetu.

Sina ugomvi na hoteli, iliyofunguliwa mwaka 2015. Nyumba inayokaliwa ni bora kuliko inayoachwa. Tuliona tarehe 25 Disemba 2020 Beit el Ajaib, jumba la zamani la Masultani, ilipoporomoka upande mmoja na watu wawili wakafa. Jengo jipya lililoungwa pembeni ya Mambo Msiige ni kubwa mno kwa ufukwe ule, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilishalilalamikia, lakini hilo limeshasimama.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iweke kibao ukutani, upande wa njia, si ndani kwenye mapokezi ambako mtoto wa skuli ataona haya kuingia. Kiandikwe kwa Kiswahili kwanza. Kitaje Harthi, wavulana watano, balozi, hospitali, na kitaje makarani. Na kabla ya kuandika, mtu apelekwe kwa wazee waliofanya kazi mle ndani, aandike nani alikaa chumba gani na ofisi zipi zilikuwa ghorofa ipi. Baadhi yao wapo kwenye baraza ya Jaws Corner, Mji Mkongwe, kila jioni, wanakunywa kahawa na kubishana siasa. Ni kuwafuata tu.

Msomaji wenu,
Mkunazini, Unguja