Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Udhibiti wa Chakula na Dawa Kuhusu Kreatini na Ubongo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ninaiomba ofisi yako isiruhusu makopo ya kreatini, kirutubisho cha unga kinachotumiwa kuimarisha misuli, kuandikwa kwamba unga huo hunoa akili au huwakinga wazee na maradhi ya kusahau, hadi madai hayo yatakapothibitishwa. Siombi kreatini ipigwe marufuku, kwa maana faida yake kwa misuli inajulikana, na kwa ubongo pia ina kazi ya kweli.

Ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili, na akiba ya fosfokreatini (kreatini iliyobeba fosfati) huusaidia kutengeneza upya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, pale mahitaji yanapopanda ghafla. Watoto wanaozaliwa na kasoro adimu za kurithi zinazouzuia mwili kutengeneza kreatini huchelewa kuongea na kukua kiakili, na baadhi yao hupata kifafa. Kwao kreatini ni tiba hasa, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Mtu mzima mwenye afya hana upungufu huo. Ini na figo zake huitengeneza, nyama na samaki humwongezea, ubongo nao hujitengenezea yake, na kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo huipitisha kwa shida, kiasi kwamba gramu 5 za kila siku zinazotosha kuijaza misuli huenda zisibadilishe mengi kichwani.

Utafiti uliofanywa Australia mwaka 2003 kwa watu 45 wasiokula nyama ulionyesha kumbukumbu bora baada ya wiki sita, lakini jaribio la mwaka 2023 lenye watu 123 liliona nafuu ndogo mno, ikiwa ipo. Mwaka 2024, watafiti wa Ujerumani waliwakesheza watu 15 usiku kucha na kuona kwamba dozi moja kubwa ilipunguza makali ya kukosa usingizi. Kwa mtu wa kilo 70 dozi hiyo hukaribia gramu 25. Ninatamani kwa dhati utafiti huo uendelezwe, ila si haki matokeo ya watu waliokeshwa yauzwe kwa mzee aliyelala vizuri na anayehofia kusahau.

Kinachonisumbua zaidi ni familia za wagonjwa. Zaidi ya wagonjwa 1,700 wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko, katika Marekani na Kanada walishiriki jaribio la gramu 10 kwa siku, likasitishwa mwaka 2013 kwa kuwa hakukuwa na dalili ya manufaa. Jaribio la Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, lililofikia gramu 40 kwa siku, lilisitishwa mwaka uliofuata. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikataa dai kwamba kreatini huboresha utendaji wa akili, kwa kuwa ushahidi haukutosha.

Pamoja na kuondoa madai hayo, ninaomba kila kopo limtake mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza, na limkumbushe kila mtumiaji kumweleza daktari anapopimwa damu, kwa sababu kreatini huweza kupandisha kipimo cha kreatinini, taka ya kreatini inayotumika kupima kazi ya figo, na figo nzima zikadhaniwa kuwa mbovu. Wazalishaji watakaotaka kuutaja ubongo walete majaribio yaliyofanywa kwa watu wa aina ile ile wanaowauzia, na kwa dozi ile ile iliyomo kwenye kopo.

Wako mtiifu,
Mwananchi